Gari Lisilohitaji Kuamshwa

Nina mgahawa hapa Ipogolo, kando ya barabara kuu. Napika wali, maharage, nyama siku zikiwa nzuri, na chai ya tangawizi ipo muda wote. Lakini niseme ukweli, wapishi barabara hii ni wengi na wengine wananizidi. Madereva wa malori walikuwa wanasimama kwangu kwa sababu moja tu: mimi nilikuwa naamsha.

Nina ubao ukutani chini ya dirisha la jiko, wenye urefu wa hatua mbili hivi na kingo ya kuwekea vitu. Juu yake nimeandika saa za mchana kwa chaki. Dereva akishakula anavua ndala yake moja, anaiweka chini ya saa anayoitaka, kisha anapanda kwenye kichwa cha lori na kulala. Saa ikifika naichukua ile ndala, nakwenda kugonga mlango kwa mwiko, na simwachi mpaka akae wima. Ndipo namkabidhi ndala yake. Simu wanazo na alamu zinalia, lakini mtu aliyetoka bandarini hajalala siku mbili anaizima alamu bila kufumbua macho. Mwiko wangu hauzimwi. Na wala hapakuwa na haja ya kusemeshana. Hata kama nimekwenda kisimani au nagombana na muuza mkaa, dereva anaweka ndala anakwenda zake, nami nikirudi naujua mpango wote kwa kutazama ubao. Ndala nilizijua kwa sura: hii imeshonwa kwa waya, hii ina alama ya moto, ile ya kijani ni ya yule wa Tukuyu anayeimba tenzi akinawa mikono.

Ukija leo utaona ubao wangu unaanza saa tano, unakwenda sita, halafu unaruka kwenda nane. Saa saba haipo. Wageni wakiuliza nawajibu ubao umepasuka pale. Haujapasuka.

Mwaka huu, baridi ya mwezi wa sita ilipoanza kutuuma, kikundi chetu cha akina mama wafanyabiashara kilikaa kwenye ukumbi wa usharika. Mchungaji alikuwa amemwalika msomi mmoja kutoka mjini, kule juu mlimani, aje atufundishe habari za biashara na teknolojia. Tulidhani atasema kuhusu kuuza kwa simu. Badala yake akafunga shuka jeupe ukutani, akawasha mashine yake, akatuonyesha lori. Lori refu, zuri, linakwenda kwenye barabara ya nchi za mbali. Kisha picha ikaingia ndani, na kwenye kiti cha dereva hapakuwa na mtu. Usukani ulikuwa unazunguka wenyewe, kidogo kulia, kidogo kushoto, kwa utulivu kabisa.

Ukumbi ulicheka. Mama mmoja anayeuza vitunguu kwenye mabasi na malori aliuliza kama gari hilo linakula kachumbari. Yule msomi akatabasamu, ila hakuacha. Akatuambia tufikirie sisi wenyewe: gari lisilo na dereva halisimami kula, halilali gesti, halinunui muhogo wa kuchoma, halichaji simu, halimpelekei mke nyanya za Ilula. Linasimama likiishiwa mafuta tu. Akasema hajui litafika kwetu lini, labda wajukuu wetu ndio watakaoliona, lakini tusikae tukingojea kama kuku kwenye mvua. Kicheko kikakatika. Nilimwona mama wa gesti ameinama anahesabu vidole, na nilijua anahesabu vyumba.

Mchungaji akasema basi tuombe, kila mtu kwa sauti yake. Unajua maombi ya namna hiyo, ukumbi mzima unanguruma. Waliokuwa karibu yangu walikuwa wanamsihi Mungu awaepushe na hayo magari. Mimi nikafumba macho nikaomba yaje. Nikaomba yaje upesi, yaje kabla ya mvua za mwezi wa kumi na moja, yajae kutoka bandarini mpaka Tunduma, mgahawa wangu ufe, ubao niukate kuni. Nilisema kwa sauti, na kelele za wenzangu zikanifunika. Sijawahi kuomba kitu kwa moyo namna ile tangu nibatizwe.

Nilikuwa na sababu, na sababu hiyo ina leseni. Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, ni dereva wa malori. Nilimsomesha ualimu akaacha. Akaanza kwa kubeba magogo kuingiza kwenye kiwanda cha karatasi cha Mgololo, mimi nikidhani matope ya kule yatamrudisha nyumbani. Matope hayakumrudisha. Sasa anabeba karatasi, anapita hapa kwenda Mbeya na Tunduma, na akifika anavua ndala yake na kuiweka kwenye ubao wangu kama wateja wengine. Baba yake alikuwa dereva, na barabara hiyohiyo ilimuua. Nikimwambia hivyo, hunijibu kwamba ajali haina kinga. Neno hilo ndilo waombolezaji wengi walilonipa siku ya msiba, na nimelichukia tangu siku ile.

Yeye mwenyewe ameshawekewa kamera mbele ya uso. Inamtazama machoni safari nzima. Akipepesa kwa muda mrefu inapiga kelele, na ofisini wanapata ujumbe. Ananieleza huku anacheka. Kampuni nyingine nazo zimejenga maegesho yao yenye uzio, madereva wanalala humo kwa zamu. Ubao uliokuwa ukijaa ndala kumi mchana mmoja, sasa una mbili, siku nyingine hauna hata moja. Msomi alikuwa anatutisha na gari lisilo na dereva, kumbe linatufikia kipande kipande, limeanza kwa jicho. Nilipomweleza binti yangu kuhusu ile picha ya ukumbini, akasema ameshaiona kwenye simu muda mrefu. Akaniambia, "Hilo gari mama halihitaji kuamshwa. Utaniamsha mimi tu nikija kukutembelea."

Nilicheka naye. Usiku huo sikula. Kile kiti kitupu kilinikaa machoni, kwa sababu mimi gari lisilo na dereva sikulijua ukumbini. Nililijua miaka tisa iliyopita. Lile la mume wangu, dakika zake za mwisho, lilikuwa linajiendesha.

Siku hiyo kulikuwa na msiba mtaani na nilikuwa nimepewa kazi ya kupika sufuria kubwa. Nimetoka nyuma kuchochea moto, narudi, naona malori mawili yameegeshwa na kwenye ubao kuna ndala mbili za buluu. Moja ilikuwa mpya kabisa, iko chini ya saa tisa. Nyingine imelika kisigino mpaka inaonyesha mwanga, iko chini ya saa saba. Lori la mume wangu nililitambua. La pili lilikuwa la rafiki yake, mtu wa Uyole aliyekuwa akilima viazi kabla hajashika usukani. Wote wawili walikuwa wameshalala.

Sasa sikiliza kosa langu. Mume wangu alikuwa mtu wa kujinyima. Shati analivaa mpaka kola inakatika, ndala anaivaa mpaka anakanyaga ardhi. Kwa miaka yote ya ndoa yetu sikumwona akijinunulia ndala mpya hata siku moja. Nilikuwa namnunulia mimi na ananifokea. Basi nikatazama ubao nikasema moyoni, hii iliyolika ni ya mume wangu, ile mpya ni ya mtu wa Uyole. Sikuwa na shaka hata kidogo. Kumbe ndala zake zilikatika njiani, akanunua mpya pale Ilula alipokuwa ananunua nyanya. Nyanya zilikuwa za kwangu.

Ilipofika saa saba nikachukua ile iliyolika, nikaenda kugonga mlango wake kwa mwiko. Hakuamka. Nikapanda ngazi, nikamtikisa bega. Alikuwa amelala hata saa moja haijatimia, baada ya siku mbili za foleni bandarini. Alifumbua macho mekundu, akanitazama kama hanijui, akauliza, "Saa yangu imefika?"

Nikamwambia, "Imefika. Amka."

Hakutazama saa. Kwa nini aitazame? Mwamshaji ni mke wake. Alinyoosha mkono akapokea ndala bila kuiangalia, akaitupa nyuma ya kiti, akavaa viatu vyake vya kazi, akanawa uso kwa maji ya dumu. Chakula akakataa, akanywa chai nusu kikombe. Akapiga honi yake mbili fupi, akaondoka. Nikarudi kwenye sufuria la msiba.

Saa tisa nikachukua ile ndala mpya, nikaenda kwa mtu wa Uyole. Akaamka, akatazama jua, akaja juu. Alisema, "Shemeji, mimi niliweka saba. Na hiyo ndala siyo yangu." Alikuwa ameshachelewa, hakuwa na muda wa kubishana. Akasema nimwambie mume wangu amrudishie ndala yake, akaondoka na moja. Mimi nikabaki nimesimama na ile mpya mkononi. Nikaigeuza. Kwenye soli bado kulikuwa na kipande cha karatasi ya duka.

Nilielewa palepale. Nilichukua simu nimpigie nimwambie asimame Makambako alale. Nikaona aibu. Nikajiuliza, nitamwambiaje, kwamba mimi ninayejisifu barabara nzima nimeshindwa kuijua ndala ya mume wangu? Nikajiambia atasimama mwenyewe akichoka, jioni tutacheka. Nikairudisha simu mfukoni mwa aproni. Hilo la simu linaniuma kuliko la ndala. La ndala lilikuwa kosa. La simu nilikuwa najua.

Watu wakisikia ajali barabara hii wanafikiri milima. Yeye milima yote aliimaliza salama. Alifia kwenye mnyoofu, tambarare ya Mbarali, karibu na njia panda ya kwenda Ubaruku, kwenye saa kumi na moja, jua likimpiga usoni. Barabara ilipinda kidogo, na lori halikupinda. Lilienda moja kwa moja kwenye majaruba ya mpunga. Hapakuwa na alama ya breki hata hatua moja. Wakulima waliokuwa shambani walisema liliwapita taratibu, limenyooka vizuri, wakadhani dereva anawatania. Mtu wa Uyole ndiye alimkuta, alipofika magharibi.

Polisi waliniletea vitu vyake kwenye mfuko wa sandarusi: shati, leseni, kitabu cha tenzi, na ndala mbili za buluu, moja mpya na moja iliyolika kisigino. Binti yangu alikuwa kidato cha pili. Aliuliza kwa nini hazifanani. Nikamwambia mambo ya ajali, vitu huchanganyikana. Msibani wakaniambia kazi ya Mungu haina makosa. Mfuko nikautundika msumarini chumbani, ile mpya ya pili nikaizika chini kabisa ya sanduku la khanga, na saa saba nikaifuta ubaoni kwa kitambaa chenye maji. Kwa miaka tisa sauti yake imekuwa ikiniuliza kama saa yake imefika. Naisikia nikipepeta mchele, naisikia kanisani. Kila siku namjibu vilevile, kwa kuwa ndivyo nilivyomjibu.

Mwezi uliopita binti yangu alisimama hapa saa tano na nusu, na nyuma yake akaegesha mtu wa Uyole. Amezeeka sasa, ila bado anaendesha, na bado ananiita shemeji. Nampenda na namwogopa, kwa sababu kila mwaka huleta gunia la viazi la shukrani, na mimi hulila. Siku hiyo niliwawekea meza moja. Nikiwa jikoni nikamsikia anaanza kumhadithia binti yangu yale ambayo kwa miaka tisa nilifanikiwa kuyazuia yasimfikie. Niliwasha redio. Akaongeza sauti.

Alimweleza kwamba Mungu ana njia zake. Kwamba siku ile aliweka ndala chini ya saa saba, mimi nikamsahau mpaka saa tisa, naye akakasirika kijinga. Angeamshwa saba angekuwa yeye kwenye ule mnyoofu, na jua lile machoni. Akasema kwa upole kabisa, "Mama yako alinipa usingizi ulioniokoa, ila ndala yangu ya buluu, ile iliyolika kisigino, sijaiona mpaka leo." Akacheka kidogo, akamega ugali.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na bakuli la mboga. Binti yangu hakucheka. Aliacha kutafuna. Aliniangalia, akamwangalia yule mzee, akanitazama tena mimi, na niliona anayapanga mambo kichwani. Ni mtoto mwenye akili, hesabu alikuwa anaongoza darasa. Akanyanyuka, akapita karibu yangu bila kunigusa, akaingia chumbani. Nilisikia mfuko wa sandarusi ukichakarika. Nikakaa kwenye ndoo iliyofunikwa.

Alipotoka macho yake yalikuwa makavu. Mtu wa Uyole alishaaga na kuondoka, hajui alichofanya. Binti yangu akaenda kwenye ubao, akavua ndala yake ya zambarau, akaiweka kwenye ile nafasi tupu kati ya sita na nane. Akaisogeza ikae katikati sawasawa. Kisha akapanda kwenye lori lake na kufunga mlango.

Sikupika chochote tena. Nilikaa natazama ile ndala pale pasipo na chaki. Niliogopa kumwamsha na niliogopa kutomwamsha. Nikafikiri labda akiamka ataondoka na hatakuja tena kusimama kwangu maisha yake yote, na atakuwa na haki. Nikalikumbuka lile gari la kwenye shuka. Lenyewe halimwamini mtu yeyote, na hakuna anayeweza kulikosea.

Saa saba kamili nikachukua ndala. Niliitazama juu, nikaigeuza nikaitazama chini, ni ya zambarau, ni yake. Nikagonga kwa mwiko. Nikapanda ngazi. Alikuwa amelala chali, macho wazi, kamera ile ndogo ikimwelekea. Sidhani kama alilala hata kidogo.

Akauliza, "Mama, hii ni saa yangu, au ni ya mtu mwingine?"

Nilimwambia ni yake. Halafu nikamwambia mengine yote, nimeshikilia ngazi ya lori juani kama mtu anayeomba lifti. Nilimwambia kuhusu ndala mpya ambayo sikuamini angeweza kujinunulia, kuhusu sanduku la khanga, kuhusu simu niliyoirudisha kwenye aproni kwa ajili ya aibu. Nilimwambia, "Aliniuliza kama saa yake imefika, nikamwambia imefika."

Alinyoosha mkono nikampa ndala. Akaigeuza, akaikagua pande zote mbili, polepole, kama anavyokagua tairi. Nikajua sasa ataivaa na kuwasha gari.

Hakuivaa. Alinirudishia mkononi, akajifunika kitenge mpaka mabegani, akageukia ukutani.

"Iweke saa tisa," alisema. "Zile saa mbili za baba zilizobaki nitazilala mimi."

Nikaiweka chini ya saa tisa, nikachukua kigoda nikakaa chini ya mlango wa lori. Safari hii alilala kweli, nilimsikia akikoroma kama baba yake. Saa nane kasoro simu yake ikaanza kuita. Nilijua ni ofisini, wanataka kuuliza kwa nini gari limesimama. Niliiacha iite.